Aliyeuchora Mkono wa Kulia

Watu wa Ziwani hawasemi uongo, wanakoleza tu. Watakuambia kwamba Bi Sharifa, enzi mikono yake ingali mikono, alimchora kwa hina bi harusi mmoja wa Msimbati ua la mlangilangi, nyuki wakamfuata yule binti kutoka sebuleni hadi chumbani, bwana harusi akalala nje siku mbili. Watakuambia alimchora mwingine komamanga lililopasuka katikati ya kiganja, na kuku wa jirani akaja kudonoa mbegu. Ukitaka ushahidi utaoneshwa kuku.

Hili la mkono wa kulia, lakini, halikuongezwa chumvi. Lilitokea Jumamosi, mchana kweupe, na aliyeumia nalo zaidi alikuwa Saida, binti pekee wa huyo huyo Bi Sharifa.

Asubuhi hiyo Saida alikuwa amechuchumaa uani, anachekecha unga wa hina kwa kitambaa laini, chembe zisije zikaziba koni ya kuchorea. Simu ikalia kwenye kanga. Ulikuwa ujumbe wa Zainabu, dada yake Ismaili wa Mpapura, yule mnunuzi wa korosho ambaye barua yake ya posa ilikuwa imelala kabatini kwa Mzee Mohamedi, baba yake Saida, wiki ya pili sasa, inasubiri jibu.

Kwanza ilikuja picha. Mikono miwili imelazwa juu ya mkeka wa ukindu, imechorwa hina kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye viwiko, hina imeiva nyekundu kama ndani ya tikiti. Chini yake yameandikwa maneno: *Saida Hina. Ziwani, Mtwara. Harusi na sherehe.*

Kisha ukafuata ujumbe: "Wifi, hii nimeikuta mtandaoni. Leo baada ya adhuhuri tunakuja na shangazi kuchukua jibu. Utatueleza mikono hii."

Saida aliacha unga hapo hapo, akajitanda, akamwambia mama yake anafuata malimau mjini, akapanda bodaboda mpaka Chikongola.

Nelio alikuwa juu ya ngazi. Ndiyo kazi yake, kuchora mabango ya maduka, na siku hiyo alikuwa ukutani kwa muuza dawa mmoja, amefika DUKA LA DA, brashi mkononi, kopo la rangi limening'inia kwenye msumari. Kijana mrefu wa Mahurunga, mtoto wa Madalena, wale ambao babu zao walivuka Ruvuma na majembe begani, wakalima upande huu wasirudi tena.

"Shuka," Saida alisema.

"Salamu hakuna?"

"Nelio, shuka!"

Akageuka. Alikuwa na tabia ya kumtazama Saida kama anavyoutazama ukuta mtupu kabla hajaanza kazi, polepole, kutoka pembe hadi pembe, na Saida kila mara alikuwa akisahau alilolijia. Leo hakusahau. Akamnyooshea simu.

Nelio alishuka, akaifuta mikono kwenye suruali, akasoma. Kisha akacheka. Kosa la kwanza.

"Unacheka nini?"

"Si tulitaka kujua kama mtandao huu unaleta watu wa karibu? Umeleta."

"Umeleta wakwe!"

"Wakwe wa nani?" Kicheko kikamkatika. "Saida, barua hiyo mmejibu?"

Saida akageuzia macho barabarani. Na hapo inabidi ijulikane jinsi walivyofika kwenye picha ile.

Miezi minane nyuma, Nelio ndiye aliyemwambia kuhusu mtandao huo wa picha. Saida alikuwa anaweka kazi zake kwenye status, na status hufa kesho yake saa ile ile. Umechora mpaka kiuno kimekufa ganzi, wanaona watu wale wale arobaini, na nusu yao ni wanaume wa kikundi cha mazishi. Nelio akasema huu mwingine sivyo ulivyo. Huku mtu haji kuuliza habari za mtu, anakuja kutafuta kitu. Msichana ana harusi mwezi wa saba, tangu Januari anahifadhi picha, magauni huku, keki huku, hina huku. Picha yako inakaa, inamsubiri. Saida akabisha: na Mbrazili akiipenda, ataleta kiganja chake Ziwani? Wakabishana wiki nzima, yeye akitaka faida yake ioneshwe kwanza, mwenzake akitaka wajaribu. Mwisho wakakubaliana kwamba kila picha iandikwe mahali ilipotoka, ili aliye Lindi au Masasi akitafuta, asiangukie Bombay.

Ikabaki shida moja: mikono ya kupigwa picha. Maharusi wa huku hawakubali. Hina ya harusi ni ya bwana harusi kuiona kwanza, haiwi ya dunia. Na binti ambaye hajaolewa hapaki hina ya kufika kwenye viwiko. Akipaka, watu watamuuliza mume yuko wapi. Saida akaamua kujichora mwenyewe, kazini pake, mlango umefungwa, kisha atavaa mikono mirefu mpaka ifutike.

Mkono wa kushoto alijichora kwa saa moja.

Wa kulia hakuweza. Hakuna mpambaji duniani anayeweza kuuchora mkono anaochorea.

"Tukiifuta sasa hivi," Saida alisema pale chini ya ngazi, macho kwenye simu ya Nelio, maana ukurasa ulikuwa umefunguliwa humo, "wakifika nitawaambia ni picha ya zamani, imeondoka."

"Itaondoka kwetu tu. Watu mia sita na arobaini wameshaihifadhi kwao. Kuirudisha ni kama kuirudisha harufu ya pilau jikoni."

"Basi iliyoko kwetu ifutwe!"

"Na maharusi? Yule wa Lindi aliyekuja na dada zake wote, aliiona wapi? Wa Masasi je?"

"Watatu! Wametazama watu elfu kumi na moja, wamekuja watatu. Huo ni mtandao au chujio la kahawa?"

"Watatu hao walikuja wakiwa wameshaamua. Ulimbembeleza hata mmoja? Wa status walikuwa wanakuuliza maswali siku nne halafu wanasema watakutafuta." Nelio akashusha sauti. Kulikuwa na wateja wawili mlangoni kwa muuza dawa, wanajifanya wanasoma bango lisiloisha. "Lakini si hilo linalokuuma. Kinachokuuma ni swali watakalouliza."

"Watauliza kachora nani."

"Na utasema?"

Saida akajitanda upya.

"Utasema umejichora mwenyewe," Nelio alisema. "Kama ulivyomwambia yule wa Lindi nikiwa nimesimama pale pale na kamera. Watu elfu kumi na moja wameiona kazi yangu, Saida. Jina langu halijatoka mdomoni mwako hata mara moja."

"Nitalitaja vipi? Nimwambie baba kuna kijana wa Kikristo alinishika mkono? Unajua kwetu…"

"Najua kwenu. Mimi nilikuwa tayari kuja kwenu tangu mwezi wa nne. Nani alisema ngoja?"

Akampa simu. Picha ilikuwa imeshafunguliwa, sehemu ya kufuta ipo chini ya kidole gumba cha Saida.

"Futa wewe. Mimi mkono huo siwezi kuufuta. Nilikaa nao saa tatu."

Kidole kilisimama hapo. Saida aliitazama picha, na badala ya picha akaona chumba kile, feni mbovu, kichwa cha Nelio kimeinama, pumzi yake ikipita juu ya kifundo cha mkono wake kama mtu anayepuliza chai. Aliona jinsi alivyokuwa ameushika mkono ule kwa vidole viwili tu, kwa adabu, kama kikombe cha watu.

Hakufuta. Akamrudishia simu bila kumtazama usoni.

"Nisitajwe, basi," Nelio alisema, ameshaweka mguu kwenye ngazi. "Jibu unavyotaka. Ila usinipigie mpaka uwe na neno la kuniambia. Nimechoka kupigiwa nikaambiwa ngoja."

Saida alirudi Ziwani. Malimau hakununua.

* * *

Wageni walifika kabla jasho la bodaboda halijamkauka. Wanaume walibaki barazani na Mzee Mohamedi. Wanawake waliingia ndani: Zainabu, amevaa baibui lenye mawe yanayometameta, na shangazi yao Bi Somoe, mama mzima wa Mpapura, mnene, mtaratibu, ambaye alivua viatu akavipanga vizuri kana kwamba anakuja kuhamia.

Salamu zikaenda, maji yakanywewa, hali ya korosho ikaulizwa. Bi Sharifa aliketi na kikombe chake juu ya sahani, kama alivyokuwa akifanya tangu ugonjwa wa kutetemeka umwanze miaka minne nyuma, maana kikombe bila sahani kilikuwa kinamwaga.

"Bi Sharifa," Bi Somoe alianza, "sisi si watu wa kuzunguka mbuyu. Zainabu, onesha."

Simu ikawekwa mkekani.

"Binti hajaolewa, hina mpaka kwenye kisukusuku. Kwetu tunauliza, huyu kaolewa na nani?"

"Kaolewa na kazi," Bi Sharifa alijibu, hakuchelewa hata kidogo. "Mikono ya mpambaji ndiyo bango lake. Maharusi wanakataa kupigwa picha. Mlitaka amchore nani, mbuzi?"

Bi Somoe alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Hilo nimelielewa! Nilimwambia huyu mtoto njiani, ile ni biashara."

Saida akavuta pumzi. Ilikuwa ya kwanza kamili tangu asubuhi.

"Hata mimi nimelielewa, mama," alisema Zainabu, na sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi. "Nilikuwa natafuta maua ya kumchoresha wifi siku yake. Naona mikono mizuri, nasoma chini, Ziwani! Nikafurahi. Halafu nikakaa nikafikiri. Wifi anachora kwa mkono upi?"

Akajijibu mwenyewe:

"Wa kulia. Basi wa kushoto kajichora. Wa kulia kachora nani?"

Nje, wanaume walikuwa wakicheka kitu. Bi Sharifa akaiokota simu kwa mikono miwili, akaibana magotini isicheze. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

Saida aliyafuata macho ya mama yake. Aliyaona yakipita kwenye mkono wa kushoto, yakitulia, yakiridhika. Hapo kulikuwa na mafunzo yake yote, kila shina limeanzia kwenye kifundo, likapanda, likachanua vidoleni. Mti hauanzii kwenye majani, ndivyo alivyokuwa akimwambia, akimpiga kofi la mkono, enzi anamfundisha. Kisha macho yakahamia kulia. Yakasimama. Katika mkono ule kila mstari ulianzia kuchani, mnene, ukashuka ukisinyaa mpaka kwenye kifundo. Hakuna mwanamke wa Ziwani achoraye hivyo. Anachora hivyo mtu aliyezoea kushuka na ukuta, brashi ikiishiwa rangi kadiri anavyoshuka.

Bi Sharifa akainua uso akamtazama binti yake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyeingia chumba chake mwenyewe akakuta vyombo vimehamishwa.

"Huo nimeuchora mimi," alisema.

"Wewe mama?" Zainabu aliuliza. "Nilisikia mikono yako…"

"Unasikia mengi. Kuna siku inakubali."

"Mashaallah! Basi leo ni siku njema." Zainabu akasogea, akakunja mkono wa baibui, akaulaza mkono wake mweupe kwenye goti la Bi Sharifa. "Nichore, mama. Ua moja tu, kama lile la pale kwenye kidole cha shahada. Nikirudi nikamuoneshe kaka, aliyechora ndiye huyu, roho yake itulie."

"Zainabu," Bi Somoe alisema kwa kuonya.

"Shangazi, si ua tu?"

Bi Sharifa aliitazama ile koni ya hina iliyokuwa kwenye trei ya kazi, hatua moja tu kutoka alipoketi. Saida alitegemea atasema leo kiuno, leo macho, leo hina imechacha. Mama yake hakusema lolote kati ya hayo. Alinyoosha mkono akaichukua koni.

Tone la kwanza lilidondoka kabla hajagusa ngozi. La pili likaanguka kwenye kifundo. Akabana kiwiko ubavuni, akakaza meno, akaanza shina. Shina likaenda kama njia ya siafu, likapinda, likakatika, likaanza tena mahali pengine. Mkono ulioita nyuki kutoka Msimbati ulikuwa unatetemeka kama jani.

"Mwanga mdogo," Bi Sharifa alisema. "Saida, fungua dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi.

Bi Somoe aliinamisha kichwa, akawa anahesabu nyuzi za mkeka. Hakutaka kumtazama mwanamke wa rika lake akivunjika. Zainabu alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limeanza kumchoka mwenyewe. Na Bi Sharifa akaanza upya, mara ya tatu, jasho limemtoka juu ya mdomo.

Saida alijua la kufanya ili aokoke. Ni kunyamaza tu. Mama angeshindwa, wangesema maskini, uzee, siku ile mkono ulikubali leo umekataa, na jambo lingepita. Ismaili hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwamba hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Angenyamaza leo, angenyamaza tena siku shehe atakapotuma watu kumuuliza kama ameridhia, na kimya cha mwanamwali huandikwa ndiyo.

"Mama, weka koni."

"Nyamaza wewe."

"Weka, mama, nakuomba." Akaishika mikono ile miwili, akaifunga ndani ya yake mpaka ikatulia. Kisha akamgeukia Zainabu, na sauti iliyomtoka hakuitambua. "Mkono wa kulia kachora Nelio."

"Nelio gani?" Bi Somoe akainua uso. "Wa Madalena? Mchora mabango?"

"Ndiye, shangazi."

"Kakushika nkono?"

"Saa tatu."

"Saa tatu! Na wewe muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

Saida alitaka kusema uongo mdogo, wa adabu. Haukuja.

"Nilikuwa namwambia asiharakishe."

Hata Zainabu alishusha macho. Bi Somoe akajikusanya, akainuka kwa kushika ukuta.

"Zainabu, kaoshe nkono. Ukimaliza muombe radhi mama huyu." Akamtazama Bi Sharifa. "Uongo wako haujanikera, mwenzangu. Na mimi ningesema. Lakini mwanangu Ismaili sitamuoza moyo ulio kwa ntu mwingine, hata ungesamehe mahari yote." Na alipokuwa anavaa viatu mlangoni, akaongeza, si kwa ukali, "Afadhali umetamka leo, ntoto. Ungechelewa, tungeshakodi turubai."

* * *

Barazani sauti zilipanda, zikashuka, pikipiki zikawaka, zikaondoka. Ndani, Bi Sharifa alikuwa bado amekaa pale pale.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Nisingeweza kukaa nikakutazama unateseka."

"Niliteseka kwa hiari yangu! Ulidhani sijui kama nitashindwa? Nilitaka wacheke mikono yangu, wasicheke ya kwako." Bi Sharifa akaisukuma kando trei ya hina. Saida alimuegemea mama yake begani kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Kisha Bi Sharifa akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Anaanzia kuchani," alisema. "Nani kamfundisha upumbavu huo?"

"Hakufundishwa na mtu."

"Inaonekana." Akatazama viganja vyake. "Lakini mkono wake haukutikisika hata mahali pamoja."

Mzee Mohamedi aliingia. Mkononi hakuwa na barua. Wenyewe waliondoka nayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima wa mihogo aliyezoea kungoja, na alipokasirika alizidi kuwa mpole, jambo ambalo watu wa nyumba yake waliliogopa kuliko fimbo.

"Mtoto wa Madalena," alisema. "Mkristo."

"Ndiyo, baba. Hilo anajua litaulizwa kwanza. Tumeshaliongea."

"Mmeliongea lini?"

Saida akainama. "Saa ya pili."

Bi Sharifa alikohoa ndani ya kanga, na Mungu ndiye ajuaye kama kilikuwa kikohozi.

"Nimepoteza mkwe mchana huu," Mzee Mohamedi alisema, "mbele ya majirani. Huyu wako nimemsikia kwenye simu ya watu, kwenye picha ya watu, kwa mdomo wa wageni. Kwangu hajafika. Mwanamume anayejificha nyuma ya mkono wa binti simtaki, awe wa dini yangu au asiwe. Nakuuliza jambo moja. Ukimwita, atakuja?"

Saida aliikumbuka ile ngazi. Usinipigie mpaka uwe na neno.

"Sijui, baba."

"Basi tujue."

Saida akaitoa simu kwenye kanga, akapiga na kufungua spika. Ikaita. Ikaita tena, mpaka Bi Sharifa akaanza kutikisa kichwa. Saida aliyabana macho. Ilipobaki kidogo ikatike, ikapokelewa.

"Una neno?" Sauti ya Nelio ilikuwa kavu.

"Ninalo. Nimekutaja."

Nyuma yake magari yalisikika yakipita.

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Posa imerudi Mpapura. Baba yuko hapa mbele yangu, anatusikia."

Brashi ilisikika ikilazwa juu ya kopo, polepole. Kisha ngazi, hatua moja, hatua ya pili, mpaka miguu ikafika ardhini.

"Mpe simu," Nelio alisema.

Saida akainyoosha. Mzee Mohamedi aliitazama kidogo, akakifuta kiganja chake kwenye msuli aliojifunga, akaipokea.

"Haya, kijana," alisema. "Sema."